Mafunzo ya kabla ya mtoto kuja yalikwisha; sasa mtoto amekuja, nani anamfunza mlezi?

Mlezi wa Mwaka wa Kwanza ameuliza:

Habari zenu, wazazi wenzangu. Mimi na mume wangu tunamlea binti wa miaka saba kwa utaratibu wa malezi ya kambo (simaanishi mama wa kambo yule wa kwenye hadithi, namaanisha mtoto aliyekabidhiwa kwetu na ustawi wa jamii), na tumeshaonesha nia ya kumwasili (yaani awe mtoto wetu kisheria) iwapo itaamuliwa kwamba hawezi kurejea kwa mama yake mzazi. Ana miezi tisa nyumbani kwetu. Kabla hajaja tulihudhuria mafunzo ya siku nne, na sina budi kukiri kwamba yaliandaliwa kwa bidii: tulifundishwa sheria, haki za mtoto, utunzaji wa kumbukumbu, usalama wa nyumba, huduma ya kwanza, na mipaka ya madaraka yetu kama walezi. Mwishoni tulipewa cheti. Nimekiweka katika droo ileile yenye daftari ninaloandikia mambo yanayonishinda, na daftari hilo linakaribia kujaa.

Binti huyu hulala na viatu miguuni. Nikimvua akiwa usingizini, asubuhi namkuta amevivaa tena. Huficha chakula ndani ya begi la shule na chini ya godoro hadi kinaota ukungu, ingawa tangu aje hajawahi kulala njaa. Wageni huwakumbatia na kuwakalia mapajani hata kama ndiyo mara ya kwanza kuwaona, lakini mimi nikimgusa bega anakakamaa. Kila anaporudi kuonana na mama yake, jambo linalofanyika Jumamosi mara mbili kwa mwezi, huvunja kitu. Mara ya mwisho ilikuwa kioo cha kabati, na alipomaliza aliketi sakafuni akanikazia macho kama anayesubiri kusomewa hukumu.

Hakuna hata kimoja kati ya haya kilichotajwa katika zile siku nne. Afisa ustawi wa jamii anayetuhudumia aliahidi kututembelea kila mwezi. Amekuja mara mbili, na mara zote aliangalia chumba, akauliza maendeleo ya shule, akajaza fomu, akaaga. Simlaumu sana, kwa kuwa nimeambiwa ana watoto wangapi mikononi mwake.

Lipo jingine ambalo naona haya kuliandika. Namwandaa kwa shule, namchana nywele, namsaidia hesabu, na sijawahi kumpiga wala kumtukana; lakini asubuhi nikisikia mlango wa chumba chake unafunguliwa, moyo hunishuka. Natimiza kila kinachopaswa kutimizwa na sihisi chochote. Mume wangu husema upendo utatosha, tuvute subira. Mimi nimefika mahali pa kujiuliza kama upendo wenyewe ninao.

Naomba kujua mambo mawili. Ni mafunzo au msaada gani unaomfaa mzazi baada ya mtoto kuingia nyumbani? Na mtu auombeje bila ofisi kudhani ameshindwa, ikaja kumchukua mtoto?

---

Mama wa Watatu amejibu:

Dada yangu, pole, na usione haya. Nimeasili watoto wawili wa tumbo moja miaka kumi na minne iliyopita, mmoja akiwa na miaka mitano na mwenzake mitatu, na wa tatu nimemzaa mwenyewe. Hayo uliyoyaandika ningeweza kuyaandika mimi, isipokuwa kwangu hakikuvunjwa kioo, yalikatwa mapazia.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichonitesa zaidi. Mwanzoni nilikuwa nikimhubiria mkubwa wangu: chakula kipo, hakuna atakayekunyima, kwa nini unaficha? Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kisha anaficha zaidi. Mama mmoja aliyetutangulia katika malezi ndiye aliyenielekeza kuacha maneno na kutafuta kisanduku chenye kifuniko. Niliandika jina la mtoto juu yake, nikakiweka mahali anapofika bila kuomba ruhusa, na kila jioni nikakijaza mbele ya macho yake chakula kisichoharibika upesi. Sikuuliza amekula nini wala amebakiza nini. Wiki tatu za kwanza kilikuwa kikimalizwa usiku uleule. Baadaye kikawa kinabaki nusu, na siku moja nikagundua kwamba chakula ni cha juzi na hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba chakula kipo. Alikihesabu mwenyewe mpaka akaridhika. Usije ukafunga kabati kwa kufuli, hata ukungu ukuchefue namna gani.

Viatu navyo usimvue akiwa amelala. Mtoto anayeamka na kukuta kitu alichojilinda nacho kimeondolewa hupata sababu mpya ya kutolala. Mwambie mchana, kwa sauti ya kawaida, kwamba anaweza kulala navyo, na kwamba akipenda vinaweza kukaa kando ya mto ambapo mkono wake unafika. Halafu mwachie yeye uamuzi.

Kuhusu mafunzo, nitasema ukweli hata kama wataalamu watanikosoa: kilichonivusha mimi kilikuwa kikundi cha walezi. Tulikuwa familia sita, tukikutana mara moja kwa mwezi sebuleni kwa mmoja wetu, watoto wakicheza nje pamoja. Kanuni yetu ilikuwa moja tu iliyofuatwa kwa ukali, kwamba hakuna anayetoa ushauri mpaka mwenye shida auombe. Huwezi kuamini jinsi inavyopumzisha kusema "leo nilitamani arudi alikotoka" mbele ya watu wasioshtuka. Na faida kwa watoto hatukuitarajia: wangu mdogo aligundua kwamba si yeye peke yake duniani mwenye mama wawili.

---

Afisa Ustawi Mstaafu amejibu:

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mkufunzi wa walezi watarajiwa. Kwa hiyo, Mama, daftari lako kwa namna fulani ni ripoti ya kazi yangu.

Mafunzo ya kabla huwa ya sheria na fomu kwa sababu ambayo sisi wakufunzi hatupendi kuitaja. Wakati ule ule tunapomfundisha mlezi, tunampima. Anayeketi mbele yetu anajua kwamba kauli yake itaingia katika taarifa ya kufaa au kutofaa, hivyo hawezi kuinua mkono akauliza, "Je, nisipompenda?" Hata akiuliza, swali bado ni la kinadharia, maana hana mtoto wa kuliambatanisha naye. Maswali ya kweli huja mwezi wa pili au wa tatu, wakati ambapo darasa limekwisha kufungwa na afisa amepewa faili jingine.

Jambo hili si geni kwa wanaotunga taratibu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, uliopokewa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2009, unasema katika aya ya 120 kwamba walezi wa kambo wapatiwe maandalizi maalumu, msaada na ushauri nasaha kila baada ya muda, kabla, wakati na baada ya mtoto kuwa kwao. Aya ya 122 inahimiza kuundwa kwa vyama vya walezi ili wasaidiane na kuchangia katika utungaji wa sera, ambacho ndicho walichokifanya Mama wa Watatu na wenzake bila kumngoja mtu. Kwa upande wa kuasili kati ya nchi na nchi, Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 unazitaka mamlaka, katika ibara ya 9, kuendeleza ushauri kuhusu kuasili pamoja na huduma za baada ya kuasili. Kwa hiyo ukiomba msaada huombi fadhila, na ni vizuri barua yako ilijue hilo.

Sasa, ni mafunzo gani? Ningetafuta yale ambayo mlezi mzoefu anafundisha akiwa bega kwa bega na afisa. Programu ya PRIDE, iliyoanzia Marekani na kusambaa katika nchi nyingine, imejengwa hivyo, na miongoni mwa umahiri wake mkuu mmoja ni kusaidia uhusiano wa mtoto na familia yake ya kuzaliwa, yaani zile Jumamosi zako. Kwa watoto wadogo zaidi ya wako kuna mbinu ya Mary Dozier wa Chuo Kikuu cha Delaware: mkufunzi huja nyumbani mara kumi, na badala ya kuhutubia, hukaa sakafuni akimwangalia mzazi na mtoto, akitaja papo hapo kila dakika mzazi anapofanya jambo jema. Binti yako amepita umri huo, lakini kiini cha mbinu hiyo kinakuhusu moja kwa moja. Dozier aligundua kwamba watoto waliohamishwa huwasukuma mbali walezi wao mara nyingi, hata wanapoumia, na mlezi, kwa tabia ya kibinadamu, hujibu kwa kukaa mbali. Hivyo mzazi hufundishwa kumfariji mtoto ambaye hajaomba kufarijiwa. Mtoto akianguka na kusema "sijaumia", mzazi hasemi "haya, kacheze", anasema, "Nimeona goti limegonga chini, hebu nilitazame."

Wengi hupenda kutaja utafiti wa Bucharest nchini Romania, ulioanza karibu mwaka 2000, ambapo watoto 136 waliokuwa katika taasisi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapelekwa kwa familia za malezi na wengine wakabaki. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi, hasa waliotoka kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Kinachosahaulika ni kwamba familia zile hazikukabidhiwa watoto zikaachwa: zililipwa, zilifunzwa, na maafisa wa mradi waliendelea kuzitembelea na kuzishauri. Hivyo utafiti ule haukupima familia peke yake. Ulipima familia yenye mtu wa kumpigia simu.

Kuhusu moyo wako kushuka asubuhi, nakuomba usome sehemu hii mara mbili. Mwanasaikolojia Daniel Hughes na mwenzake Jonathan Baylin wameieleza hali hii, nami kwa Kiswahili huiita malezi yaliyozibwa. Mzazi anayekataliwa siku baada ya siku huanza kujikinga bila kukusudia. Furaha ya kumwona mtoto huzimika, ilhali uwezo wa kutekeleza majukumu hubaki. Ndiyo maana unaweza kuchana nywele na usihisi chochote. Haina maana kwamba upendo haupo, na kujilazimisha kupenda hakuifungui. Yanayoifungua kwa kawaida ni mambo ya kawaida mno: usingizi wa kutosha, mtu mzima anayekusikiliza bila kukuhukumu, na siku za mapumziko ambazo mtoto analala kwa mtu anayemfahamu. Ikiwa pamoja na hayo huli, hulali, au unaona maisha hayana maana, muone daktari. Wazazi wa kuasili na wa kambo nao hupata sonona baada ya mtoto kuja, ingawa hawakubeba mimba.

Andika barua, usipige simu. Sentensi ya kwanza iseme kwamba lengo lako ni mtoto aendelee kukaa kwako. Kisha omba vitu vinavyohesabika: historia yake kamili, pamoja na idadi ya mahali alipohamishiwa na namna alivyohamishwa, tarehe za ziara sita zijazo, jina la mtu wa kupigiwa usiku, na usiku mmoja au miwili ya mapumziko kwa mwezi. Ofisi humtilia shaka mlezi anayesema "nimechoka" bila kueleza anahitaji nini. Mwenye orodha huonekana kwamba anapanga kubaki.

---

Baba Mlezi amejibu:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, nina shaka. Wazazi wangu waliwalea watoto wanne wa marehemu mjomba bila cheti, bila kikundi na bila profesa yeyote, na wote wamekuwa watu wazima wenye familia zao. Naogopa kwamba mafunzo haya humfanya mzazi amtazame mtoto kama mgonjwa, kila kosa likapewa jina la kitaalamu, mpaka mtoto akakosa haki ya kuwa mtundu tu. Kioo kimevunjwa, afunzwe kwamba vioo havivunjwi.

---

Afisa Ustawi Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, hoja yako ya mwisho naikubali nusu. Kioo kina gharama yake, na mtoto wa miaka saba anaweza kushiriki kukusanya vipande kwa usalama na kusaidia kulirekebisha kabati. Tunachokikataa ni kumtenga au kumpiga kwa ajili yake, kwa kuwa mtoto aliyepigwa huko alikotoka hatajifunza kuhusu vioo, atajifunza kuhusu sisi.

Lakini mfano wa wazazi wako haufanani na huu. Watoto wa mjomba waliingia katika nyumba ambayo walikuwa wanazifahamu sauti zake. Walijua bibi ni nani, walijua baba yao amekwenda wapi, na waliomboleza pamoja na watu waliokuwa wakimwomboleza mtu yuleyule. Na wazazi wako walikuwa na mafunzo: shangazi aliyepita kila juma, jirani aliyewahi kulea yatima, mzee wa kumuuliza. Huyu dada amepewa mtoto mgeni pamoja na faili. Tunachokiita msaada kwa walezi, kwa sehemu kubwa, ni kujaribu kumrudishia wale watu. Kuna mpango ulioanzia jimbo la Washington huko Marekani, unaoitwa Mockingbird, ambao huziunganisha familia kati ya sita na kumi za malezi na nyumba moja ya walezi wazoefu. Mtoto hulala pale mlezi wake anapohitaji kupumzika, na mlezi huenda pale akiwa na swali. Ukiutazama vizuri, utaona wametengeneza shangazi.

---

Niliyelelewa Kwingi amejibu:

Huwa nasoma bila kuandika, lakini viatu vimenitoa. Nimeishi katika familia nne kuanzia miaka sita hadi kumi na minane, na mimi pia nililala na viatu. Nilihamishwa mara ya kwanza usiku, kwa haraka, na viatu vyangu vikabaki uvunguni. Nilipofika nyumba mpya nilishuka garini peku mbele ya watoto wasionijua. Tangu hapo niliamua kwamba hawatanikuta tena hivyo. Hakuna mlezi aliyewahi kuniuliza; walikuwa wakiniambia kwamba shuka zinachafuka. Sijui kama binti yako ana kisa kama changu, lakini hiyo historia kamili aliyoitaja Mzee hapo juu idai kwa nguvu zote.

Ndugu Baba Mlezi naye ana ukweli wake ambao ningependa wakufunzi wausikie. Mlezi wangu wa tatu alikuwa amesoma kila kozi. Nikikasirika, aliniinamia na kuniambia kwa sauti laini kwamba anaona ninahisi kuachwa. Labda ilikuwa kweli, lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikasirika kwa sababu timu yangu ilifungwa. Nilijihisi nasomwa kama kitabu cha mtu mwingine. Yule wa nne hakujua istilahi yoyote. Siku nilizorudi kutoka kwa mama nikajifungia, alikuja na kushona kwake akaketi sakafuni kwenye ushoroba, nje ya mlango, bila kusema kitu. Nilikuwa nikisikia mkasi ukiwekwa chini na kuchukuliwa tena. Wakati mwingine alikaa saa nzima. Baadaye sana nilijua kwamba alifundishwa kufanya hivyo katika kikundi cha walezi, kwa hiyo siwezi kusema mafunzo hayana kazi.

Kuhusu Jumamosi: tafadhali usichukue kioo kama ushahidi kwamba kuonana na mama kunamdhuru. Kwangu mimi kilichouma hakikuwa kumwona mama bali zile dakika kumi za kuagana, kisha gari la ofisi, kisha kufikishwa kwenye nyumba ambayo watu wake wanatabasamu na kuuliza "mlifurahi?" Nilikuwa sijui nimjibu nani kwa uaminifu. Nani humleta binti yako nyumbani? Kama ni dereva, jaribu kwenda mwenyewe. Na msalimie mama yake mbele ya mtoto, hata kama ni kwa maneno mawili tu.

Neno la mwisho kuhusu kuogopa ofisi. Familia yangu ya pili ilikuwa nzuri. Hawakuomba msaada hata mara moja, kwa kuogopa hilohilo unaloliogopa wewe, na siku waliyoomba msaada kwa mara ya kwanza ndiyo siku waliyoomba nihamishwe.

---

Mlezi wa Mwaka wa Kwanza amejibu:

Samahani kwa kukaa kimya wiki tano. Nilisoma majibu yenu yote usiku mmoja, nikamwamsha mume wangu naye akasoma. Hakusema kitu kuhusu upendo. Aliuliza tu kisanduku chenye kifuniko kinapatikana wapi.

Barua niliiandika kama Mzee alivyoelekeza. Jibu lilichelewa, nikaandika ya pili, na hatimaye afisa alikuja akiwa na faili. Nilichokisoma humo si changu kukieleza hapa, ila nitasema kwamba binti huyu alikuwa amehamishwa mara tatu kabla yetu, nasi tuliambiwa ni mara moja tu. Ziara tumepangiwa tarehe, ingawa ni nne na si sita. Mapumziko hayajapatikana kwa sababu ofisi haina familia nyingine iliyoidhinishwa karibu nasi. Tumekubaliana kwamba dada yangu, ambaye mtoto anamzoea, ahakikiwe ili mtoto awe analala kwake usiku mmoja kwa mwezi. Afisa hakunitazama kama niliyeshindwa. Nadhani alifarijika kupata kitu ambacho angeweza kukitia alama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumchukua mwenyewe. Nilimsalimia mama yake, naye akanikabidhi kibanio cha nywele, akasema binti hapendi kuchanwa kuanzia mbele. Miezi tisa nimekuwa nikianzia mbele. Njiani hakuna aliyezungumza, na tulipofika alitupa kikombe, cha plastiki.

Sasa nina swali jipya. Ameanza kuuliza kwa nini hakai kwa mama yake. Nimjibu nini, ikiwa yale niliyoyasoma ni mazito kwa umri wake?

---

Mama wa Watatu amejibu:

Usimdanganye, na usimmwagie yote. Kwa wangu nilitengeneza kitabu cha maisha, daftari la kawaida lenye picha chache, ramani ya nyumba alizopita, na majina ya waliomlea kila mahali, hata wale ambao sikuwapenda. Kila jambo liandike kwa namna ambayo haitalazimika kukanushwa atakapokuwa na miaka kumi na tano. "Mama hakuweza kukutunza ukawa salama" inabaki kweli umri wowote. "Mama alikuwa na shughuli nyingi" itageuka uongo, naye atakumbuka nani aliusema. Swali ambalo hajauliza kwa sauti, karibu kila mtoto analo: je, ni mimi nilikosea? Lijibu hata kama halijaulizwa. Na muombe afisa awepo siku ya kwanza ya kulifungua hilo daftari, kwa sababu hiyo nayo ni kazi yake.

Kile kibanio kipige picha. Kitapata ukurasa wake.

---

Mlezi wa Mwaka wa Kwanza amejibu:

Ahsante, dada. Daftari nimenunua; lile la zamani nimelirudisha kwenye droo, bado lina kurasa. Viatu bado analala navyo, lakini tangu juzi amefungua kamba. Kuhusu moyo, asubuhi nyingi bado unashuka. Leo nilipomchana nilianzia nyuma, na kichwa chake kikaniegemea kwa muda kidogo, kisha akakumbuka akakitoa.